Kuliona Ziwa Zima: Utangulizi wa Fikra za Mifumo

Katika miaka ya 1950, maofisa wa uvuvi wa serikali ya kikoloni walilitazama Ziwa Viktoria wakaona upungufu. Samaki waliokuwa wengi humo walikuwa furu: wadogo, wenye miiba, na wasio na bei sokoni. Baadhi yao wakapendekeza aletwe samaki mkubwa mla samaki, awageuze furu hao kuwa minofu. Sangara akachukuliwa kutoka Ziwa Albert, akapandikizwa Viktoria. Kwa zaidi ya miaka 20 halikuonekana badiliko kubwa. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara wakalijaza ziwa kwa kasi iliyowashangaza hata wataalamu. Furu, ambao wanakadiriwa kuwa walikuwa wa aina zaidi ya 500, wengi wao wasiopatikana kwingine duniani, wakapungua mno, na aina nyingi hazikuonekana tena.

Ukiuliza mkosaji ni nani, majibu hayakosekani. Mmoja atamtaja ofisa wa kikoloni. Mwingine atamtaja mvuvi anayetumia kokoro, au kiwanda kinachosafirisha minofu, au mkulima wa mlimani ambaye udongo wake huishia majini, au mlaji wa mbali asiyejua samaki wake katoka wapi. Kila jibu lina ukweli ndani yake, na hakuna linalotosha. Ukimwondoa mmoja wa hao, wengine watabaki wakivutana vilevile, na tatizo litazuka upande mwingine.

Taaluma ninayokukaribisha humu inashughulika na maswali ya aina hiyo. Inaitwa fikra za mifumo, na hoja yake kuu inasemeka kwa sentensi moja: mambo yanayojirudia huzaliwa zaidi na jinsi sehemu zilivyounganishwa kuliko na ubaya au wema wa mtu mmoja aliyemo. Ukiielewa hoja hiyo kwa undani, utayatazama kwa jicho jingine mambo mengi unayoyajua tayari. Nimelichagua Ziwa Viktoria litusindikize kwa sababu wasomaji wengi wa Kiswahili wanaishi kando yake au wanakula samaki wake, na kwa sababu historia yake inafundisha karibu kila dhana ya msingi ya taaluma hii.

Mfumo ni nini

Fungu la samaki mezani pa mchuuzi si mfumo. Ukiondoa watano, waliobaki hawabadiliki. Samaki haohao walipokuwa majini walikuwa sehemu ya mfumo: kuondolewa kwao kuliwapunguzia wengine chakula, kuliwapunguzia wengine adui, na kulibadilisha hata maji yenyewe. Kwa hiyo mfumo una mambo matatu: sehemu zake, miunganiko ya sehemu hizo, na kazi ambayo mkusanyiko huo unaitenda. Kwa kawaida tunaziona sehemu kwanza kwa kuwa zinashikika. Miunganiko haionekani kwa macho, nayo ndiyo yenye nguvu.

Jambo la kwanza la kujifunza ni kutofautisha akiba na mtiririko. Akiba ni chochote kinachojikusanya: maji ziwani, samaki majini, rutuba udongoni, deni kwenye daftari la mvuvi. Mtiririko ndio unaoijaza akiba au kuipunguza: mvua na mvuke, kuzaliana na kuvuliwa, mkopo na malipo. Kati ya mwaka 1961 na 1964 mvua kubwa zililipandisha Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita mbili. Mvua zile zikapita, lakini kina cha maji kilibaki juu ya kiwango cha zamani kwa miongo kadhaa. Akiba ndiyo kumbukumbu ya mfumo. Hubeba athari za jana hadi leo, na kwa sababu hiyo tatizo haliishi siku ile tunayoacha kulisababisha.

Tofauti hiyo hutuepusha na makosa mengi. Kiongozi anaposema kwamba mavuno ya samaki yameongezeka mwaka huu, ametaja mtiririko. Swali la kumuuliza ni kuhusu akiba: samaki waliobaki majini wamezidi au wamepungua? Inawezekana kabisa mavuno yakapanda huku akiba ikiporomoka, nyavu na injini zinapoongezeka. Kwa muda fulani takwimu zitafurahisha, wakati ghala linamalizika.

Mizunguko miwili

Moyo wa taaluma hii ni mrejesho, yaani hali ambapo tendo hutoa tokeo, na tokeo hilo hurudi kulibadilisha tendo lenyewe. Mirejesho ni ya aina mbili tu, na mchanganyiko wa hizo mbili hujenga tabia zote tunazozikuta katika uchumi, mazingira na siasa.

Aina ya kwanza ni mzunguko unaokuza. Kabla ya sangara, samaki aliyethaminiwa sana ziwani alikuwa ngege. Mwanzoni mwa karne ya 20 ziliingia nyavu za makila, na mavuno yakawa mazuri. Wavuvi wakaongezeka, na samaki walionaswa kwa kila wavu wakapungua. Mvuvi aliyeona hivyo aliongeza nyavu au akatafuta zenye matundu madogo zaidi. Matundu madogo yaliwanasa ngege ambao hawajazaa, ngege wakapungua zaidi, na sababu ya kuongeza nyavu ikazidi kuwa nzito. Hapo hakuna mjinga hata mmoja. Kila mvuvi alifanya jambo la busara kwa kadiri ya alichokiona kutoka mtumbwini mwake, na busara hizo zote kwa pamoja zilimpunguza mno ngege.

Aina ya pili ni mzunguko unaosawazisha, ambao huvuta mambo kurudi kwenye kiwango fulani. Sangara walipowapunguza furu, walijipunguzia chakula chao wenyewe. Wakageukia uduvi, dagaa, na hata watoto wao. Njaa iliwawekea mpaka ambao hakuna sheria iliyouweka.

Mizunguko hii miwili inatusaidia kulifikiria fumbo la ile miaka 20 ya ukimya. Baadhi ya watafiti wanaeleza kwamba furu walipokuwa wengi, waliwala au kuwanyang'anya chakula sangara wachanga, hivyo sangara hawakuweza kuongezeka haraka. Furu walipopunguzwa na uvuvi, kizuizi kile kililegea: sangara wachanga wengi zaidi wakapona, wakakua, wakala furu, na furu walivyozidi kupungua ndivyo sangara wachanga walivyozidi kupona. Mzunguko uliokuwa ukizuia uligeuka kuwa wa kukuza. Mjadala kuhusu uzito wa kila sababu unaendelea, lakini maelezo haya yanaonyesha jambo la msingi: mfumo unaweza kuonekana umetulia kwa miaka, kisha ukahama kwenda hali nyingine kabisa, bila tukio kubwa la kuutikisa siku hiyo.

Kuchelewa kwa matokeo

Laiti matokeo yangefuata matendo papo hapo, tusingehitaji taaluma hii. Hatari ya mifumo iko katika kuchelewa. Tangu miongo ya mwanzo ya karne ya 20, misitu na nyasi za bonde la Viktoria zilifyekwa kupisha mashamba na makazi, na mvua zikabeba udongo na rutuba hadi ziwani. Rutuba hiyo ililisha mwani. Mwani unapokufa huzama na kuoza, na kuoza hutumia oksijeni, kwa hiyo maji ya kina kirefu yakawa hayafai tena kwa samaki wengi katika sehemu ya mwaka. Mtu aliyefyeka kichaka chake zamani hakuwa na namna ya kuyajua hayo. Kosa na adhabu vilitenganishwa na miongo ya miaka na mamia ya kilomita.

Kuchelewa huleta mitego miwili. Wa kwanza ni kudhani kwamba kwa kuwa halijatokea baya, basi hakuna ubaya. Mwaka 1929 Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza aliyeongoza uchunguzi wa ziwa mwaka 1927 na 1928, aliandika tahadhari dhidi ya kuleta samaki mla samaki bila utafiti wa kutosha. Sangara alipopandikizwa, ukimya uliofuata ungeweza kabisa kumfanya Graham aonekane mwoga. Mtego wa pili ni kuongeza dawa kabla ile ya kwanza haijafanya kazi. Serikali hupiga marufuku, husubiri msimu mmoja, huona samaki hawajarudi, huongeza marufuku nyingine, wakati samaki anahitaji miaka ya kukua na kuzaa. Mfikiri wa mifumo huuliza mapema: tokeo la uamuzi huu litaonekana baada ya muda gani, na nani atakuwa bado anatazama?

Taaluma hii ilikotoka

Fikra hizi zina mizizi mingi. Ludwig von Bertalanffy, mwanabiolojia mzaliwa wa Austria, alisisitiza kwamba kiumbe hai hakieleweki kwa kukatwa vipande tu, akatafuta kanuni zinazofaa mifumo ya kila namna. Kitabu chake mashuhuri juu ya nadharia ya jumla ya mifumo kilitoka mwaka 1968. Mwaka 1948 Norbert Wiener, mwanahisabati wa Marekani, alionyesha kwamba mrejesho hufanya kazi kwa namna inayofanana katika mashine na katika mwili wa mnyama. Mwaka huohuo mwanahisabati mwenzake wa Marekani, Warren Weaver, alieleza kwamba sayansi imeweza matatizo ya vitu viwili vitatu, na imeweza yale ya mamilioni ya vitu visivyo na mpangilio, lakini imeacha pengo katikati: matatizo ya sehemu nyingi zilizofungamana. Humo katikati ndimo yalimo maisha, miji na masoko.

Jay Forrester, mhandisi wa umeme katika chuo cha MIT, alianza mwaka 1956 kuigeuza mizunguko hiyo kuwa hesabu zinazoweza kuendeshwa katika kompyuta. Kutokana na kazi yake Donella Meadows na wenzake walitoa mwaka 1972 kitabu kuhusu mipaka ya ukuaji wa uchumi na idadi ya watu katika dunia yenye kikomo, kitabu kilichozua ubishi mkali ambao haujaisha. Meadows alifariki mwaka 2001, na kitabu chake cha kuwafundisha wanaoanza kilichapishwa mwaka 2008. Nakihimiza kwa kila anayeingia humu, kwa sababu kimeandikwa na mtu aliyependa watu kuliko hesabu zake. Mwaka 1973, Horst Rittel na Melvin Webber walieleza kwa nini matatizo ya kijamii hayafanani na yale ya uhandisi: hayana maelezo ya mwisho yanayokubaliwa na wote, na kila jaribio la kuyatatua huacha alama isiyofutika. Sangara ni ushahidi wao ulio hai. Ukishampandikiza, huwezi kurudi nyuma ukajaribu njia nyingine.

Mahali pa kuingilia

Mtu akiiona mizunguko, huuliza mara moja: tuguse wapi? Meadows aliandika kwamba sehemu za kuingilia hazilingani nguvu. Kubadilisha viwango, kama vile kodi, faini au ukubwa wa tundu la wavu, ndiko kunakopendwa zaidi, na mara nyingi ndiko dhaifu zaidi. Nguvu huongezeka tunapogusa mtiririko wa habari, yaani nani anajua nini na lini; kanuni, yaani nani anaruhusiwa nini; na malengo yenyewe ambayo mfumo unayafuata.

Tazama magugu maji. Yaligunduliwa ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 yaliziba ghuba na mialo. Mashine zililetwa kuyakata. Wadudu wanaoyala walipoachiliwa, Uganda mwaka 1995 na Kenya mwaka 1997, magugu yalipungua sana kufikia mwisho wa muongo, ingawa mawimbi na hali ya hewa ya kipindi hicho vilichangia pia. Wadudu waliingiza mzunguko unaosawazisha, unaojiendesha bila bajeti ya mafuta. Hata hivyo rutuba iliendelea kumiminika na mbegu zilibaki topeni. Baada ya mvua kubwa, magugu yalirejea katika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya. Aliyekuwa anahesabu hekta za magugu aliona vita vimeshindwa. Aliyekuwa anatazama akiba ya rutuba hakushangaa.

Au tazama nyavu haramu. Njia inayoonekana ni kuzikamata na kuzichoma moto. Lakini mfuate mvuvi hadi nyumbani. Mara nyingi wavu na injini amevipata kwa mkopo wa wakala, kwa masharti ya kumuuzia samaki wake. Wavu ukichomwa, deni halijachomwa. Asubuhi inayofuata anahitaji samaki wengi zaidi kuliko jana, na zana ya bei nafuu inayonasa haraka ni ileile iliyokatazwa. Ukali peke yake unaweza hivyo kulisha jambo linalopigwa vita. Sisemi sheria iachwe. Nasema sheria ikigusa wavu bila kugusa deni, imegusa nusu ya mzunguko.

Bei nayo hutenda kazi yake. Kanuni za uvuvi ziliweka mpaka wa sangara wanaoruhusiwa kati ya sentimita 50 na 85, kwa nia ya kuwalinda wachanga na pia majike makubwa yenye mayai mengi. Soko la mabondo, yaani vifuko vya hewa vya samaki, barani Asia likaanza kulipa vizuri zaidi kwa samaki mkubwa. Kanuni ikasema mwache, na bei ikasema mlete. Panapokuwa na amri mbili kinzani, ile inayolipa huwa na sauti kubwa.

Kuna mafunzo yanayotia moyo pia. Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zinazotumia kwa pamoja malisho, misitu, maji na uvuvi, akaonyesha kwamba watu si lazima wavimalize walivyo navyo kwa pamoja. Wanafanikiwa pale wanaposhiriki kutunga kanuni, wanapoweza kuangaliana, na adhabu zinapoanzia ndogo. Kwa lugha yetu, wamefupisha mrejesho: anayeona dalili, anayeamua na anayepata hasara ni watu walewale. Vikundi vya usimamizi wa mialo, maarufu kwa jina la BMU, vilibuniwa kwa matumaini hayo. Lakini kikundi kisichokuwa na mamlaka ya kweli kimepewa macho bila mikono.

Mipaka ya kila mchoro

Ningekukosea kama ningekuacha uamini kwamba mchoro wa mifumo huleta jibu lisilo na ubishi. Mwanafalsafa wa Marekani C. West Churchman alisisitiza kwamba swali gumu kuliko yote ni mpaka: nini kimo, nini kiko nje, na nani ameamua. Ukichora Ziwa Viktoria kama kiwanda cha protini na fedha za kigeni, sangara ni mafanikio makubwa: ameajiri maelfu, amejenga viwanda Mwanza, Kisumu na Jinja. Ukimweka ndani mama anayenunua mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki baada ya minofu kusafirishwa, hesabu inabadilika. Ukiwaingiza furu kama viumbe wenye haki ya kuendelea kuwepo, inabadilika tena. Peter Checkland wa Uingereza alijenga njia nzima ya kazi juu ya ukweli huo: kabla ya kuurekebisha mfumo, waulize wahusika kila mmoja anauona kuwa wa kazi gani, na uyaweke majibu yao mezani pamoja na tofauti zake.

Hesabu za kompyuta nazo husaidia tukikumbuka kuwa hurudisha dhana tulizozitia. Thamani yake iko katika kuzianika dhana hizo ili zipingwe. Uamuzi wa hekima unaotoka kichwani mwa mtu mmoja haupingiki, kwa kuwa hauonekani.

Pa kuanzia

Mlango wa taaluma hii hauhitaji kompyuta. Chukua tatizo unaloliishi: bei ya dagaa inayopanda na kushuka, kisima cha kijiji kinachoharibika kila mwaka, wauguzi wanaohama zahanati. Kwanza, chora mstari unaoonyesha jinsi jambo hilo lilivyokwenda kwa miaka, kadiri unavyoweza kukumbuka na kuuliza. Tukio moja hutia hasira. Mstari wa miaka kumi huzaa swali. Pili, taja akiba mbili au tatu muhimu, na kinachozijaza na kuzipunguza. Tatu, chora mishale ya sababu, na kila unapofika mwisho wa mshale uliza: kisha nini? Endelea mpaka mshale mmoja urudi ulikoanzia, kwani ukirudi umeupata mzunguko. Nne, andika kando ya kila mshale muda unaochukua.

Hatua ya tano ni ngumu kuliko hizo zote: mpelekee mchoro wako mtu anayeliona tatizo kutoka upande mwingine. Mwonyeshe mvuvi mchoro wa ofisa, na ofisa mchoro wa wakala. Atakuonyesha mshale uliousahau, na mara nyingi mshale huo ndio wenye ufunguo. Ujuzi wa mifumo yetu umetawanyika. Mvuvi mwenye karabai usiku ana kipande chake, mwanasayansi ana chake, mama wa sokoni ana chake, na hakuna chuo kitakachovikusanya kwa niaba yao bila wao.

Miji yetu inakua, mito inagawanywa, hali ya hewa inabadilika, na maamuzi yanayofanywa sasa yatawafikia wajukuu wetu kwa njia ambazo hatuzioni. Tuna watu hodari wa kukosoa na watu hodari wa kuamuru. Tunahitaji wengi zaidi wanaoweza kuketi pamoja, kuufuata mshale hadi mwisho wake, na kukubali kwamba wao wenyewe wamo ndani ya mchoro. Kurasa zinazofuata zitakupa zana za kazi hiyo, moja baada ya nyingine. Njoo na tatizo lako mwenyewe, na usije peke yako.